Injini Tuliyoishusha Chini ya Mfenesi

Nilipokuwa mdogo baba alinituma Msuka kwa shangazi nikachukue mbuzi. Alikuwa beberu mweupe, wa akika ya mdogo wangu, na alikuwa na nia moja tu, kubaki Msuka. Nikamvuta, akanivuta. Njiani tukapita nyumba ambayo bibi mmoja alikuwa kibarazani anasuka ukili wa mkeka, kauzungusha mkubwa kama tairi. Nikaomba maji. Kugeuka, beberu kashakula pima mbili. Yule bibi hakunipiga. Alinambia, "Kaa hapa, usuke alichokula mbuzi wako." Nikasuka. Mpaka leo nasuka ukili kuliko wanawake wengi, na sioni haya kulisema, maana shule niliishia darasa la tatu.

Nilipomaliza jua lilishapinda, na mbuzi miguu haitaki tena. Likaja lori la bodi la mbao, lile la Kiingereza lenye pua ndefu. Dereva akasimama, akatutazama, akauliza, "Nani anamchukua mwenziwe?" Akatupakia wote wawili juu ya magunia ya mbata. Nililala kifudifudi, nikaisikia ile injini inanipitia mbavuni mpaka nyumbani. Kuanzia siku ile sikutaka kazi nyingine.

Nikawa utingo, kisha dereva, na nilipokwisha kuoa, mimi na kaka yangu mkubwa tukanunua letu, la jinsi ile ile, kwa mzee aliyechoka nalo. Nusu yake, nusu yangu. Nimepakia karafuu, nimepakia maharusi na ngoma zao. Mama yetu nilimpeleka hospitali amelala kwenye ubao wa nyuma, na alipopona alirudi amekaa mbele na mie, akataka kupiga honi. Nikamwachia. Alipiga honi kutoka Madungu mpaka Wawi, watu wanatoka majumbani wakidhani kuna jambo.

Lori likaja kunoki mikononi mwangu. Maji yalikuwa yamekwisha kwenye rejeta na geji ilishanionya, nami nikajisemea, nyumbani si hapo tu. Sikufika. Pistoni zikang'ang'ania humo ndani na lori likavutwa kwa kamba mpaka chini ya mfenesi wa uani kwetu. Likakaa miaka. Kuku wakawa wanataga kwenye kiti changu.

Mwaka jana akaanza kuja mnunuzi wa vyuma chakavu. Mtu mcheshi, ana nyundo ndogo mfukoni, kila akija anagonga bodi na mabawa ya lori kama daktari anayegonga kifua.

"Mzee, nimekuja kumjulia hali mgonjwa."

"Mgonjwa anakusalimu. Anasema umekonda."

Kwangu hakupata kitu, akaenda kwa kaka. Kaka akaniita. "Yakhe, ile nusu yangu inaoza. Abiria siku hizi wana vigari vyao, nani atapanda mbao?" Kusema kweli hakuwa na makosa. Nikamwomba muda. Akafikiri, akasema, "Likiwaka kabla ya mwezi wa Mfungo Sita kuandama, nusu yangu chukua, sidai kitu. Lisipowaka, asubuhi ya mwezi mosi anakuja kulikata." Nikakubali. Mke wangu, bi mkubwa, huko ndani akacheka mpaka akakaa chini.

Fundi niliyemwendea yuko Madungu, ana karakana nyuma ya nyumba yake na mashine ya kukereza vyuma iliyozeeka kama mimi. Wazee wake walitoka bara, yeye kazaliwa hapa hapa. Hasemi sana. Alikuja, akachungulia, akasema, "Ishusheni, mniletee."

Kushusha injini ile ni kazi ya watu. Ijumaa baada ya sala nikasimama mlangoni mwa msikiti, nikasema nina mzigo. Wakaja na kanzu zao. Tukafunga mnyororo kwenye tawi la mfenesi, injini ikaning'inia, halafu tukapitisha mti na kuibeba mabegani mpaka kwenye gari ya kukodi. Mmoja akauliza, "Huyu tunayemzika jina lake nani?" Wengine wakaitikia innalillahi, na mie nikacheka nao.

Pale karakana nilikaa kila siku. Fundi alitoa pistoni moja moja kwa kupasha moto na kugonga taratibu. Akachimba silinda, akakereza kreki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Bushi za pistoni hazipatikani tena, akazichonga kwa shaba ya propela ya boti. Kila akimaliza moja aliipima kwa kipimo chake, akaipangusa kwa kidole, akanipa nishike. Ya moto bado. Nilikuwa nazirudisha mkononi mwake moja moja, kama mtu anayerudisha yai.

Kreki ilipokuwa tayari aliniambia niende nayo nyumbani nikaihifadhi, karakana ilikuwa inavuja. Nikaogopa kutu, hewa yetu ya chumvi mnaijua. Basi nikafanya nilivyomwona mama anafanya visu na mbuzi ya kukunia. Nikachukua mafuta ya nazi, ya kupikwa nyumbani, nikaipaka yote, nikamimina mpaka kwenye vile vitundu vyake vya kupitishia oili. Nikaifunga kitambaa kama mtoto. Ilikuwa kipupwe.

Injini ikafungwa, ikarudi chini ya mfenesi, zikiwa zimebaki siku mbili mwezi uandame. Fundi akawasha. Ikashika. Nilikuwa sijamaliza kusema bismillahi akaizima.

"Oili haipandi," akasema. "Geji imelala."

Akafungua chini siku ile ile, amelala mgongoni kwenye majani ya mfenesi. Akaingiza waya kwenye kitundu cha kreki, ukatoka na kitu cheupe, kigumu, kama nta. Akanusa. Akanitazama kwa chini.

"Mzee, hii kreki ulitaka kuipika?"

Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda na machicha yake ndani ya vitundu vyote. Ingezunguka dakika chache zaidi, shaba na chuma vyote vingeungua vikang'ang'aniana. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia, "Fundi, ni mimi. Niliipaka ili isishike kutu."

"Kutu haikushika kweli," akasema. Tukazibua kitundu kimoja kimoja kwa waya na maji ya moto na dizeli, siku ile na ya pili yake. Hakunicheka hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya nimpende. Bi mkubwa aliposikia, alicheka kwa niaba ya wote wawili.

Tulipofunga tena, mwezi ulishaonekana. Usiku ule sikumwendea kaka kuomba siku nyingine. Ahadi ilikuwa ahadi.

Asubuhi akaja kaka, na nyuma yake mnunuzi, kwa miguu, gari lake na mitungi ya gesi ya kukatia limebaki barabarani. Nikasema, "Kaka, muda umepita, najua. Niachie niwashe mara moja, nimuage."

Kaka akamtazama fundi, aliyekuwa kando ya injini, mikono myeusi mpaka viwikoni. "Washa," akasema.

Nikawasha. Ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Geji ikanyanyuka, ikasimama. Kuku wakatoka mbio. Kaka akapanda mbele, upande aliokaa mama, akafunga mlango, akasema, "Sasa twende au tunasubiri nini?"

Mnunuzi akatoa nyundo mfukoni kwa mazoea, akaisogeza kwenye bawa. Hakugonga. Aliweka kiganja pale, akakiacha kitetemeke na bati.

"Kapona huyu," akasema. "Haya, Mzee, asalamu alaykum."

Akatia nyundo mfukoni, akashika njia ya barabarani. Hajarudi tena.