Diski Iliyokuja na Redio ya Mtumba

Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika kambi ya Kakuma. Likizo moja, nikiwa nyumbani Lodwar, nilinunua sokoni redio ya mtumba yenye sehemu ya kuchezea diski. Nilipoiwasha nikakuta mtu amesahau diski ndani. Haikuwa na jina, na mpaka leo sijui waimbaji ni nani.

Gitaa zilikuwa zinakatakata, ngoma zinakimbia, halafu tarumbeta zikaingia kwa kishindo. Nilicheka peke yangu.

Kambini niliipeleka kwa mwalimu mwenzangu, mama wa Kikongo aliyepiga tarumbeta kanisani. Alisikiliza amesimama, sufuria mkononi.

"Dada, banaimba nini?"

Kiingereza chao kilikwenda mbio, lakini nilimfasiria nilichokishika. Wimbo huu ni wa mpangaji aliyetupiwa vitu nje. Huu ni wa watu waliozuiwa mpakani, wanaambiwa wangoje tu.

"Bako na hasira," alisema, "lakini banacheza!"

Hapo ndipo diski ile ilipotukamata. Nyimbo za mashirika za kutuonea huruma tulikuwa tumezisikia mpaka zikatuchosha, na za kutuhimiza tunawe mikono pia. Hawa walilalamika kwa sauti, bila aibu, na miguu yako ikakataa kutulia.

Baada ya wiki chache alikuwa ameshika tarumbeta zote kwa kichwa. Tukatunga maneno yetu, kuhusu bomba la maji linalofungwa ndoo zikiwa nusu, tukaupeleka wimbo kwenye mazoezi ya kwaya. Kiongozi wa kwaya, mzee wa Sudan Kusini asiyependa mchezo, ambaye ndiye aliyepiga ngoma, alikunja uso.

"Mwalimu, huu wimbo ni wa Mungu kweli?"

"Na maji ni ya nani, mzee?" mama akamjibu. "Piga ngoma."

Akapiga, kwanza polepole, kisha akasahau kununa. Mlangoni walikuwa wanapita akina mama wa Kiturkana waliouza kuni kambini. Mmoja akatua mzigo wake, akaita "Ejok!", yaani safi kabisa, akaanza kuruka wima, shingo imenyooka, kama tunavyoruka kwenye ngoma zetu. Wenzake wakamfuata. Mimi, Mturkana wa Lodwar niliyejidai mstaarabu, nikavua viatu nikaruka nao. Wanakwaya wakaacha mistari yao, vumbi likajaa kanisani.

Tuliposimama kupumua, kiongozi alijifuta jasho, akakohoa.

"Jumapili tutauimba," alisema. "Lakini baada ya sadaka."