Mama Anayelia kwa Kiswahili

Katika kikundi chetu cha maigizo pale Walukuba, mtaa wa Jinja, niliitwa "afande" hata nikitumwa mandazi. Miaka ile ya tisini michezo ya Jinja ilikuwa ya Kisoga na Kiganda, na Kiswahili kilikuwa cha watu wawili tu: askari na mwizi. Baba yangu alikuwa askari magereza, mtu wa kabila la Lango, kaskazini. Mama yangu ametoka Arua, kaskazini vilevile, lakini lugha nyingine. Walitongozana kwa Kiswahili, wakatulea kwa Kiswahili. Basi mimi, msichana mwembamba hivi, kila mchezo napewa bunduki ya mbao nibweke, "Leta kitambulisho!" Watu wanavunjika mbavu. Nilichoka, jamani!

Mchezo mpya ulihusu mama ambaye mwanawe amechukuliwa na askari, harudi. Niliitaka nafasi ya mama huyo mpaka usingizi ukaniruka. Kaka yangu alichukuliwa hivyohivyo, tonge la ugali bado liko mkononi. Lakini nani angeamini? Kwa wenzangu, watu wa kwetu kaskazini ndio askari waliochukua wengine, basi.

Nikamfuata mwongozaji. "Bwana, safari hii nipe mama."

Akacheka. "Mama gani analia kwa Kiswahili?"

"Wangu."

Akakuna kidevu. Mwisho akasema haya, tujaribu Mbale, ambako hatujulikani. Bunduki akampa mpiga ngoma.

Mbale tulicheza katika ukumbi wa parokia, upande wa mlima Wanale. Siku hiyo sikuweza kula wala kukaa. Nilipotoka na kitenge kiunoni nikamwita mwanangu, "Baba, njoo ule, chakula kinapoa," ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walidhani ni askari amejifunga kitenge. Mwongozaji pembeni ananipungia mikono: badilisha, sema Kisoga! Masikio yaliniwaka kwa hasira. Nikayarudia maneno yaleyale, polepole, kama mama alivyokuwa akiyasema mlangoni kila jioni, miezi na miezi, akimwita mtu ambaye hayupo. Kicheko kikapungua. Mzee mmoja akaendelea kucheka peke yake, mwanamke wa kando yake akamfokea kwa Kimasaba, naye akafunga mdomo. Hapo nililia kweli.

Njiani kurudi Jinja, mwongozaji alinipongeza mbele ya wote. Kisha akasema, "Lakini nyumbani watu wamekuzoea, afande. Jumamosi unashika bunduki yako." Wenzangu wakageukia dirishani. Nikauma pindo la kitenge nisije nikatukana.

Mama hakuwahi kuja kunitazama hata mara moja. Alisema hana moyo wa kumwona binti yake akifanana na waliomchukua mwanawe. Nilipofika nyumbani nilimkuta uani anachambua maharage.

"Walikupa uaskari tena?"

"Nilikuwa mama."

"Mama gani?"

"Wewe."

Mikono yake ikasimama. "Walicheka?"

"Walicheka. Halafu wakaacha."

Akajifuta uso kwa upande wa leso yake. "Mnacheza lini tena? Mimi nakuja."

"Jumamosi," nikasema. Nikavaa viatu tena, hata maji sijanywa, nikatoka mbio kwenda nyumbani kwa mwongozaji.