Kilio Ambacho Mama Hakulia

Kilio kile nilikisikia mara ya pili mwaka huu, ndani ya ukumbi mmoja hapa Musoma, nimekaa kwenye kiti cha plastiki na soda yangu mkononi. Walikuwa wanaonyesha filamu zote za mama mmoja, mzee sasa, anayesifiwa kuwa kati ya wanawake wa kwanza wa Afrika kushika kamera. Watu walikuja kumpongeza. Mimi nilikuja kwa sababu filamu mojawapo ilitengenezwa kijijini kwetu, Nyamuswa, na ndani yake yumo mama yangu. Kilio kilipoanza, nikarudi kuwa mtoto wa miaka tisa.

Ngoja niwaeleze, maana jambo hili sijawahi kumweleza mtu.

Mama huyo wa filamu alipokuja kwetu alikuwa bado kijana, kavaa suruali, na suruali hiyo peke yake ilitutosha kuizungumza wiki nzima. Tulimwita Mama Kamera. Alifikia kwa bibi yangu mzaa baba, kwa kuwa nyumba ya bibi ilikuwa na bati, na bibi mwenyewe alipendaga wageni kuliko alivyowapenda wakwe zake. Alikuwa na kamera, na mashine nyingine ya kunasa sauti aliyoibeba begani kama mtoto mchanga. Tulikatazwa hata kuisogelea.

Filamu yake ilihitaji mjane. Akawatazama akina mama wote, akamchagua mama yangu. Sasa baba alikuwa mzima kabisa, yuko Guta analima pamba, na kwetu kumlilia mtu aliye hai ni uchuro, ni kumwitia kifo. Siku mbili nilimwona Mama Kamera akimfuata mama kisimani, jikoni, shambani, akimbembeleza. Siku ya tatu mama akakaa chini mbele ya kamera, kajifunika kanga kichwani mpaka usoni, mabega yameinama. Sisi watoto tulifukuzwa mbali, tukawa tunaona tu, hatusikii kitu.

Miezi ikapita, filamu ikaletwa. Ilionyeshwa mchana darasani, madirisha yamezibwa kwa magunia ya pamba, na joto lake sitalisahau. Tulicheka kila alipotokea jirani. Alipotokea fahali wa mwenyekiti tulicheka zaidi. Kisha akatokea mama chini ya kanga yake, na kilio kikatoka, kirefu, kimepasuka katikati: mume wangu, umeniacha na nani? Kicheko kikakatika. Baba, aliyekuwa amesharudi kutoka Guta, alikuwa amekaa benchi la mbele yangu. Uso wake sikuuona, niliona shingo tu, na haikugeuka.

Kabla mavuno hayajaisha, lori la pamba lilipinduka njia ya Bunda. Baba alikuwa juu ya mzigo.

Baada ya matanga wazee wa ukoo wakakaa kikao juu ya kile kilio. Mama alisema, “Mimi sikulia. Nilikaa tu.” Nani angemwamini, na kijiji kizima kilikuwa kimesikia? Wakaniita mimi, wakasema mtoto hana hila.

“Nyangeta, mama yako alilia au hakulia?”

“Alilia,” nikasema. “Nilimwona.”

Bibi alikuwa kwenye mkeka pembeni, anatazama viganja vyake. Nilidhani ni uchungu wa mwanawe.

Mama akarudishwa kwao Bugwema, sisi tukabaki, maana watoto ni wa ukoo. Bibi alinilea vizuri, hilo siwezi kumnyima. Nilipomtaja mama alikuwa ananiambia, “Macho hayana pazia, mjukuu wangu. Si uliona mwenyewe?” Mama alikuja shuleni mara moja, na karanga kwenye kitambaa. Nikajificha chooni hadi akaondoka. Alipokufa nilikuwa nimeshaolewa. Nilikwenda mazikoni kama jirani, nikakaa nyuma.

Basi pale ukumbini, filamu ilipokwisha, msichana mmoja akamuuliza yule mzee alifanyaje mpaka mjane akalia vile. Mzee akacheka kwa raha.

“Yule mama aligoma! Alisema mume wangu yuko hai, nitakaa, lakini sauti sitoi. Nikamwendea mama mkwe wake. Yeye alikuwa mjane kweli. Tukajifungia ndani, akamlilia mumewe, nikanasa. Halafu nikaichukua ile sauti, nikaiweka juu ya picha.”

Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sikumfuata. Ningemwambia nini? Kwake ilikuwa kazi nzuri, na kweli ilikuwa nzuri, na hilo nalo linaniuma. Sauti ya bibi, iliyoniamsha kila asubuhi ya utoto wangu, nilikosaje kuitambua? Labda niliitambua. Labda niliona kanga ya mama nikaona yatosha. Lakini bibi aliijua sauti yake. Alikaa pale mkekani akaacha mkwe wake afukuzwe kwa kilio alichokitoa yeye, na mimi niliyekula uji wake nikampa ushahidi.

Kesho yake nilikwenda Bugwema kwa mjomba, kaka yake mama. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote, nikiamini nampelekea habari. Hakuacha kupukuchua.

“Hilo tulilijua tangu siku aliyorudi,” akasema. “Alituambia mwenyewe.”

“Mbona hamkuniambia, mjomba?”

“Alitukataza. Alisema, Nyangeta ndiye aliyesema nililia, basi aje Nyangeta mwenyewe aniulize. Siku akiuliza nitamjibu.” Akachukua hindi jingine. “Hukuulizaga, mpwa wangu.”

Nilikuwa na miaka tisa nilipomshuhudia mama uongo, na mtoto wa miaka tisa husamehewa. Lakini baada ya hapo nilikuwa mtu mzima miaka mingi, mama yu hai, nauli ninayo, na Bugwema si mbali.