Baada ya Kuugua kwa Muda Mfupi

Kanisani kwao Memphis, kila msiba ukitokea, Odessa Tolliver ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Mara nyingi mno alikuwa amesoma, mbele ya majeneza ya wanawake wasio hata na mvi, maneno yaleyale: alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Safari hii jeneza lilikuwa la mdogo wake, Verlene.

"Soma kama ilivyoandikwa," mama yao, Ernestine, alimwambia kabla ya ibada, akiiweka sawa kofia yake nyeusi. "Gonjwa lile ukilitaja umelipokea."

"Verlene hakulitaja, mama. Lilimwacha?"

"Usinijibu hivyo. Bado ni mama yako mimi."

Odessa aliichukua karatasi ya wasifu, moyo ukimchemka. Verlene alipompelekea daktari uvimbe wa titi, aliulizwa kama kuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti kwenye ukoo. Akajibu hakuna, maana ndivyo alivyojua. Akaambiwa bado kijana, arudi mwakani. Kumbe uvimbe ulikuwa wa ile aina ya mbio, isiyosikia dawa nyingi, inayowaandama zaidi wanawake weusi, tena wangali vijana. Peggy, Mzungu aliyefanya kazi na Verlene, aliugua mwaka uleule. Yake ilikuwa ya mwendo wa polepole, ikawahiwa, na leo alikuwa ameketi kiti cha tatu akilia kwa dhati. Odessa hakumchukia Peggy. Alichukia kuona ni wao weusi tu wanaozikwa.

Na sasa yeye mwenyewe alikuwa na uvimbe, titi la kushoto. Kliniki ilimpa nafasi baada ya miezi sita.

Akasimama mbele, akasoma vizuri mpaka alipofika kwenye yale maneno ya kuugua. Hapo akaikunja karatasi.

"Hili silisomi," alisema. "Verlene ameuawa na saratani ya matiti, na sisi tumeisaidia kwa kunyamaza. Mimi pia nina uvimbe. Wameniambia miezi sita. Jumatatu naenda kukaa palepale kliniki, na anayetaka niondoke aje anibebe. Kilo ninazo za kutosha."

Mtu alicheka, akajiziba mdomo. Mchungaji akakohoa. Mama Ernestine akainuka, na Odessa akajua sasa atatukanwa mbele za watu.

"Mama yangu alikufa nayo," Ernestine alisema. "Na dada yangu Lucille. Tulisema ni moyo." Akaketi.

Hasira ilimpanda Odessa. Siku Verlene anajibu hakuna, mama alikuwa anajua. Kwenye chakula cha msiba hakumsemesha, hata sahani hakumpelekea.

Jumatatu asubuhi alimkuta mama yake amesimama kando ya gari, na kofia ileile. Akamfungulia mlango, wakaenda.

"Nafasi yako bado, dada," alisema msichana wa mapokezi.

"Najua. Nitaisubiri hapahapa."

Wakakaa mpaka mchana, wasinyanyuke hata kwenda kula, hadi daktari mmoja akachoka kuwapita akawaita ndani. "Kwenye ukoo kuna aliyewahi kuugua saratani ya matiti?" akauliza.

Odessa alifungua mdomo, ila mama yake alimshika mkono.

"Andika, daktari," alisema Ernestine. "Hattie, mama yangu. Lucille, dada yangu. Verlene, mwanangu, nimemzika Jumamosi. Huyu simziki. Mpime."