Gitaa Lililonunuliwa Kama Ng'ombe

Kwa miaka kumi na mmoja nilipiga gitaa la besi kwenye kwaya ya kanisa letu hapa Dodoma, na kwa miaka yote hiyo nilipiga vibaya. Nilijua, ila nilikuwa nimeshampata mkosaji, naye ni gitaa lenyewe. Lilikuwa kuukuu, tumelirithi kwa kwaya ya vijana ambao sasa wana wajukuu. Wimbo ukienda mrama nilikuwa namtazama mwalimu wa kwaya, kisha nalitazama gitaa, kisha natikisa kichwa kwa masikitiko. Watu walinionea huruma.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hasira zangu huwaangukia vitu kuliko watu. Kazini, kwenye masjala, nimegombana na printa, na mihuri, na kiti kimoja ambacho hadi leo hatusalimiani. Kwa hiyo kulilaumu gitaa hakukunipa tabu. Nilitazama video kwenye simu mpaka nikajua aina za mbao, unene wa nyuzi na sumaku zinazonasa sauti. Nikawa mtaalamu wa magitaa kabla sijawa mpigaji.

Siku moja kwenye kikao cha kwaya nilisimama nikayasema yote. Nikamalizia, "Ndugu zangu, kwa chombo hiki hata malaika angechapia."

Kisha akainuka mlezi wa kwaya, mzee mkulima na mfugaji wa upande wa Kongwa, ambaye huvaa koti hata mwezi wa kumi jua likiwa utosini. Hajui kupiga chombo chochote, na akiimba watu wa karibu hupotea njia.

"Mwanangu," akaniuliza, "unasema kosa ni la chombo, si la mtu?"

"La chombo, mzee."

"Una hakika?"

"Asilimia mia."

Wiki iliyofuata lile kuukuu likatupwa stoo, naye akauza maksai mmoja ili kwaya ipate gitaa. Alikuwa nao wawili wa kulimia. Akina mama walipiga vigelegele, mimi nikapiga makofi hadi viganja vikaniuma. Sikujiuliza mtu analima vipi na maksai mmoja.

Sharti lake lilikuwa moja, kwamba kununua atanunua yeye. "Nimenunua mifugo minada yote, toka Chemba mpaka kwetu," alisema, "na sijawahi kuuziwa mgonjwa."

Tulipofika kwenye duka la vyombo vya muziki mjini, hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, akayatazama magitaa kupitia kioo kwa muda wa nusu saa. Nikamwomba tuingie.

"Tulia. Ikijulikana unamtaka, bei inapanda."

"Mzee, gitaa haliwezi kujua."

"Mwenye mali atajua."

Mwenye duka alikuwa mtu mzima mpole, mzaliwa wa mjini, wa ukoo uliofanya biashara Dodoma tangu babu wa babu zake. Alivaa kofia nyeupe na alitukaribisha kwa heshima zote. Akanionyesha gitaa moja la kahawia, la bei ya chini. "Ndugu yangu, hili linakutosha kabisa," alisema. "Shingo imenyooka, funguo zinashika. Yale ya juu kule yanazidi kidogo tu, na hicho kidogo anakisikia mtu aliyefika mbali."

Nilijisikia kutukanwa. Nikamwambia sijaanza jana, na nataka lile jeusi linalong'aa, lile nililoliona kwenye video. Mlezi akanishika mkono. "Wewe nyamaza, utatuharibia."

Kisha akaanza kazi yake. Alilibeba la kahawia mikononi akalipima uzito. Akaligonga mgongoni kwa vifundo vya vidole, akapitisha kiganja shingoni kutoka juu hadi chini, akazungusha funguo zote nne.

"Limetoka wapi hili?"

"China, mzee wangu."

"Limesafiri kwa miguu au kwa gari?"

"Kwa meli, halafu kwa lori."

"Limewahi kuugua?"

Mwenye duka hakucheka. Mungu ambariki mtu yule. "Halijawahi, alhamdulillahi," alijibu.

Mlezi akamwomba atembee nalo. Basi mwenye duka akalishika gitaa akatembea nalo kutoka kwenye kaunta hadi mlangoni, na kutoka mlangoni hadi kwenye kaunta, huku mzee amechutama analiangalia kwa nyuma. Wateja wawili waliotaka spika walisimama kusubiri.

"Tulisikilize basi," nikasema.

"La nini? Mnadani ng'ombe akilia sana mimi namwacha."

Tulitoka bila kununua. Tukarudi baada ya chai, tukatoka tena. Tukarudi duka likikaribia kufungwa, kwa kuwa saa hiyo, kwa maelezo yake, muuzaji anawaza kurudi kwake. Tukanunua la kahawia, la bei ya chini, bila mtu yeyote kulipiga hata mara moja.

Mwenye duka, kwa ukarimu tu, akatuongezea mkanda wa ngozi wa kulivaa begani. Mlezi akaufungua, akaukunja vizuri, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Hapana, bwana. Kamba inabaki kwa mwenye zizi. Nikiichukua nitakuwa nimekuchukulia na baraka ya wale uliobaki nao."

Mwenye duka akanitazama mimi, mimi nikatazama dari. Nyumbani kwake mlezi alinipa kamba ya katani badala ya ule mkanda, mpya kabisa, bado inanuka.

Gitaa lilikaa kwake siku mbili bila kuguswa ili lizoee mahali. Siku ya tatu akapasha chuma moto, akalichoma nyuma herufi mbili za jina la kwaya, kama alivyolichoma lile kuukuu zamani. Nilisimama pembeni nikisikia harufu ya vanishi inayoungua, karibu nilie.

Ikaja Jumapili ya uzinduzi. Gitaa lilifungwa utepe mwekundu, mgeni rasmi akaukata, likaombewa. Kwaya za wageni zilialikwa, mojawapo ikitoka Mtera, kwenye bwawa, na hiyo ndiyo iliyotutangulia kuimba. Mpiga besi wao alikuwa mama wa makamo, muuza samaki, na gitaa lake lilikuwa la rangi ya buluu kali.

Alipoanza, benchi nililokalia lilitetemeka. Besi yake ilitembea taratibu chini ya sauti za waimbaji, ikazibeba, haikukimbia wala haikuchelewa. Wazee wasiochezaga wakasimama wakacheza. Wivu ulinishika. Nikamgeukia jirani yangu nikamnong'oneza, "Umeona? Chombo ni chombo."

Walipomaliza nikamfuata nje. "Shikamoo mama. Samahani, hiyo mashine ni ya wapi? Marekani?"

"Marahaba." Akacheka mpaka akashika nguzo. "Marekani gani, baba? Hili si lenu? Mlezi wenu alikuja kununua samaki akatuletea, akasema mmelitupa stoo. Rangi ni ya mitumbwi, ilibaki. Na uzi huu mnene ni waya wa breki ya baiskeli, ule wa mwanzo ulikatika."

Akaligeuza. Chini ya ile buluu kulikuwa na herufi mbili zilizochomwa kwa chuma.

Nilitamani ardhi ipasuke, lakini mwalimu wa kwaya alikuwa ananiita. Zamu yetu ilikuwa imefika. Nikalivaa gitaa jipya kwa kamba ya katani na tukaanza.

Mwenye duka alisema kweli, lilikuwa gitaa safi. Lile kuukuu, mikononi mwangu, lilikuwa linavuma tu, na makosa yangu yalikuwa yanajificha humo humo kwenye mvumo. Hili lilitoa kila noti peke yake, wazi, na kila kosa langu lilisikika mpaka kwa wanaouza soda barabarani. Ubeti wa pili nilikuwa mbele ya kwaya, ubeti wa tatu nilikuwa nyuma yao, na mwisho tulifika kila mmoja kwa wakati wake. Tukapigiwa makofi ya pole. Mlezi, pale kiti cha mbele, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilimfuata baada ya ibada, na lazima nikiri kwamba nilikwenda kuilaumu kamba. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Yeye akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu. Akavigonga vifundo, akavuta kidole kimoja kimoja, akakagua kucha.

"Mikono hii umekuwa nayo siku zote?"

"Ndiyo, mzee."

"Haina ugonjwa." Akaniachia. "Haijafungwa nira tu."

Akamwita yule mama wa Mtera. Kwake jambo lilikuwa wazi, kwamba maksai mgeni hufungwa pamoja na mzoefu mpaka ajue mstari. Hakuniuliza kama nakubali. Kuanzia Jumamosi iliyofuata nikawa napanda basi kwenda Mtera na gitaa langu la kamba. Mama yule alinikalisha ubavuni kwake, mbele ya meza ya samaki, tukapiga wimbo mmoja ule ule. Nikikimbia alinikanyaga mguu. Nikichelewa alinikanyaga pia. Wateja walikuwa wakiniuliza bei ya sato huku nahesabu. Mwezi mzima hakunifundisha noti mpya hata moja, na kidole changu kikipotea hakunikubalia niliangalie gitaa. "Angalia mkono," alikuwa akisema.

Mvua zilipoanza nilikuwa tayari napiga nyimbo tatu bila kukanyagwa. Nikaona niende Kongwa kumwambia mlezi habari njema.

Nilimkuta shambani analima kwa jembe la mkono, koti lake limetundikwa kwenye mti wa boma, na mke wake anamfuata nyuma akipanda mtama. Majirani pande zote walikuwa wanalima kwa maksai na walikuwa mbali sana mbele yake. Nira ilikuwa imeegeshwa zizini. Maksai aliyebaki alikuwa amefungwa pembeni, anakula majani. Shamba lililokuwa limelimwa lilikuwa dogo mno.

Nilimwamkia, kisha habari njema zote zikanitoka kichwani. Nilisikia aibu ambayo sijawahi kuisikia, si ya kanisani ile, hii ilikuwa nzito.

"Mzee," nikasema, "kosa halikuwa la chombo."

"Nilijua," akasema, bila kuacha kulima. "Nimekusikia miaka kumi na mmoja."

"Sasa kwa nini ulimuuza?"

Akanyanyuka, akajifuta jasho. "Ningekuambia, ungeniamini?"

Sote wawili tulilijua jibu. Mke wake alikwenda nyumbani akaniletea jembe lingine. Mpini wake ulikuwa umelegea na ulikuwa mfupi kwangu. Nililima nalo mpaka jua likazama, na sikusema neno juu ya mpini.