Kioo Alichokisugua Mama Mkwe

Mimi nang'arisha vioo vya magari, na sina unyenyekevu wa uongo: ukiniletea kioo chenye mikwaruzo ukaniambia mafundi wote wamekishindwa, umenifanyia siku yangu kuwa tamu. Gereji yetu iko Neasden, huku ughaibuni, lakini gari ninalotaka kulisema hapa ni langu mwenyewe, lenye umri unaonizidi. Nililinunua kwa mzee mmoja wa Kigujarati wa Kingsbury, mzaliwa wa Mwanza, aliyeniuzia kwa Kiswahili na kunitania kwa Kiswahili hicho hicho. Kioo chake cha mbele hakitengenezwi tena popote. Naliegesha mbele ya nyumba, chini ya mti wa jirani unaodondosha utomvu kiangazi kizima.

Mke wangu alipojifungua, mama yake akaja kutoka Handeni. Ndiyo desturi: binti akizaa, mama huja kumuuguza mpaka arobaini itimie. Na kwao mkwe ni mkwe. Mimi na yeye hatukai kochi moja, hatuli pamoja, na tukikutana kwenye korido kila mmoja anautazama ukuta wake. Akiwa na neno kwangu anampitishia binti yake, hata kama nimesimama pale pale. Korido yetu ni nyembamba, kwa hiyo kuta tulizitazama sana.

Jumamosi moja mchana nikarudi kutoka kazini nikakuta kioo cha gari langu kimekuwa cheupe kama dirisha la bafu. Juu ya boneti kulikuwa na ndoo, stili waya, na mchanga aliouchota kwenye rundo la mafundi wanaojenga kwa jirani. Mama mkwe alikuwa ameusugua ule utomvu kama masizi ya sufuria, kwa bidii, kona hadi kona. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Angekuwa mtu mwingine yeyote, mtaa mzima ungenisikia. Lakini mkwe hafokewi. Nikalizunguka gari nimebana meno, nikaingia ndani, nikajifungia chooni nikalifokea taulo.

Kumbe kimya changu kilimuumiza kuliko matusi. Jioni mke wangu akaja na mtoto begani.

"Mama analia," akasema. "Anasema ameharibu gari la mkwe, hana uso wa kukaa humu ndani. Anataka tumchenjie tiketi, aondoke this week."

"Arobaini bado."

"Mwambie wewe basi! I'm so tired. Siwezi kumbembeleza mtoto halafu nimbembeleze na yeye."

Uso wake ulikuwa umesawajika. Jumatatu mimi ningerudi gereji, na mama yake akiondoka angebaki peke yake na kichanga kuanzia asubuhi mpaka jioni, katika mtaa ambao majirani wanatujua kwa gari tu. Niliogopa kwelikweli. Lakini kumwambia mkwe "usiende" kwa mdomo wangu mwenyewe nisingeweza. Hasira zikanitoka, kiburi changu cha ufundi kikarudi.

"Mwambie kesho namhitaji," nikasema. "Ule ukungu kwenye kioo unatoka, na kazi yake ni ya watu wawili."

Hapo nilidanganya kidogo, maana kila siku naifanya peke yangu.

Asubuhi nikakiosha kioo, nikakikausha, na kwa kupitia mke wangu nikampa mama mkwe maka pen, kalamu ya wino mzito, akae kiti cha dereva. Kazi huanza hivyo: kila mkwaruzo unazungushiwa alama kwa ndani, ili nje kikishapakwa dawa fundi asipotee. Akapanda na khanga zake mbili, macho chini, akaanza kuchora. Mimi huku nje nikakoroga ule unga wa kung'arishia, wenye rangi ya waridi iliyochujuka, ukawa mzito kama uji wa mgonjwa. Nikafunga kitambaa cha sufu kwenye drili. Siri ya kazi hii ni mkono mwepesi. Ukikandamiza, kioo kinapata moto na kupasuka. Uking'ang'ania mahali pamoja, unachimba bonde, na dereva ataiona barabara ikicheza ngoma. Unanyunyiza maji, unasogea, unanyunyiza tena.

Upande wa kushoto ukaanza kufunguka. Nikafuta dawa nitazame, nikaona anavyochora. Alikuwa ametia alama kila kitu: upinde wa waipa, vijishimo vya kokoto, hata alama ya zamani karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Maovu yote ya lile gari alikuwa amejibebesha yeye. Nikazima drili.

"Hizo si zako, mama," nikasema, na mdomo wangu ukashtuka kumsemesha. "Huo upinde ni wa waipa, wa miaka na miaka. Vishimo ni kokoto za barabarani, nitaviziba kwa gundi. Wako wewe ni huu ukungu tu, na unatoka. Tazama."

Dirisha lake lilikuwa wazi kidogo. Akainua macho, akanitazama kupitia pale palipokwisha kung'aa.

"Baba, mimi sikukusudia. Nguo inafua mashine. Vyombo inaosha mashine. Nimekuja nimkande mwanangu kwa maji ya moto kama nilivyokandwa mimi, ananiambia mama pumzika, hospitali wamesema si lazima. Kila nikishika kitu, mama pumzika. Nikaona kioo hiki peke yake ndicho hakinikatazi."

Wahenga walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikuwa tunamnyang'anya kila analoliokota, tukidhani ndiyo heshima. Nilimwonea huruma.

Nikaingia ndani na mikono yangu ya waridi. Mke wangu alikuwa ananyonyesha.

"Mama yako hakuja kupumzika," nikamwambia, nikamweleza yote kama nilivyoyasikia.

Akamlaza mtoto kitandani taratibu, akafungua dirisha.

"Mama! Njoo unikande. Mgongo umekufa."

Bibi yule alishuka kwenye gari bila kufunga mlango. Mimi nikarudi nje kumalizia upande wa kulia, huku dirisha la bafu la juu likianza kutoa mvuke.

"Mama, ya moto!"

"Ndivyo yanavyotakiwa. Tulia."

Nikasikia kitambaa kikikamuliwa, mara moja, mara ya pili. Kisha mke wangu akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha maji ya moto. Alilia kama mtoto, kwa sauti, kilio alichokifungia tangu siku aliyojifungua, na mama yake hakumwambia anyamaze.