Povu Mlangoni pa Namba Nane

Mnaonijua mnajua mdomo wangu haufungi, ila Kampala ikitajwa natazama kando, na wengine mmeshaanza kusema nilikuwa jasusi. Sikuwa jasusi wa mtu. Nilipata aibu tu, aibu ya kikoi na povu, na nyuma yake ipo nyingine ambayo sijawahi kumwambia hata mke wangu.

Ilikuwa enzi za wanajeshi kutawala kule. Mama Zaituni, Mnubi mwenye duka la ushonaji mtaa wa Kisenyi, aliniita kutoka Mombasa nimtengenezee cherehani zake, maana mafundi wa Kihindi walikuwa wamefukuzwa na wa kuzigusa hakuna. Mke wangu alilia nisiende, nikamwambia cherehani haina siasa (maneno ya mtu ambaye hajafika). Mama Zaituni akanitafutia chumba hotelini, na hapo neno hoteli nalitumia kwa adabu tu: jina la mwenyewe wa zamani bado lilisomeka chini ya rangi mpya, ngazi zilikuwa zikilia kila ukikanyaga, pazia langu lilifunika nusu ya dirisha, na bafu lilikuwa moja kwa ghorofa nzima, huko mwisho wa ukumbi, lina bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji.

Siku ya kwanza tu Mama Zaituni alinionya. "Fundi, ile Swahili yako acha hapa kwa duka. Huko nje mutu akisikia Swahili na nguvu, anajua ni wale watu."

Wale watu hakuna aliyewataja kwa jina; Kiswahili kilikuwa lugha yao na ya jeshi. Walivaa miwani nyeusi, wakija na gari mchana kweupe, wakimtia mtu kwenye buti, na basi, hamuulizi tena. Kwa hiyo nikawa bubu. Siku nne nilikwenda dukani na kurudi nikitazama vidole vya miguu yangu, gari likipunguza mwendo najibanza ukutani, nikifika chumbani nahesabu siku zilizobaki kupanda treni ya kwetu.

Mtu pekee niliyeongea naye pale ni jirani yangu wa namba nane, mimi nikiwa namba saba. Wote walimwita Salongo, ndiyo heshima ya baba wa mapacha huko kwao. Mtu mpole, mwembamba, akinialika chai asubuhi. Siku ya nne akaniita chumbani, akafunga mlango, akavuta boksi chini ya kitanda: sabuni! Miche kwa miche, ya magendo. Ndugu zangu, mji mzima ulikuwa hauna sabuni, nami siku zote hizo nilikuwa naoga kwa maji matupu na mafuta ya cherehani yameningʼangʼania mpaka kwenye nywele. Akanikatia kipande, akanionya, "Mutu asione. Hii ni ya kuniua." Nikaapa.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mchana ule nikaingia bafuni, bomba likakohoa, likatoa maji ya kulowesha mwili, na badala ya kungoja ndoo ijae kama mtu mwenye akili, nikaona acha nijipake kwanza. Nikajipaka kichwa, uso, masikio, nikaimba kidogo (ndiyo, niliimba), nikawa mweupe kama kondoo. Nikanyoosha mkono bombani. Likakohoa mara moja, likanyamaza. Nikalizungusha huku, nikalizungusha kule, kavu. Na sabuni ile, sijui waliitia nini, ikaanza kuniwasha macho mpaka nikapiga kelele.

Nikakumbuka Salongo ana dumu la maji chumbani. Nikajifunga kikoi, macho yamefumba, nikapapasa ukuta wa ukumbi nikihesabu milango, nikafika namba nane, nikaupiga kwa ngumi.

"Fungua! Fungua upesi!"

Nikasikia kitu kinaburutwa huko ndani.

"Fungua, najua umo humo! Nakusikia! Unangoja nivunje mlango?"

Nilikuwa natania, jamani, utani wa mtu anayeungua macho. Lakini ukumbi mzima nikasikia makomeo yanafungwa, tap, tap, tap, na kule ndani dirisha likafunguliwa, kitu kizito kikaanguka huko nje, kisha sauti ya Salongo ikaja nyembamba, siyo yake: "Afande, mimi sina kitu! Ile sabuni ni ya mutu ya namba saba! Ule Mukenya! Namba saba, afande!"

Nikabaki pale mdomo wazi, povu likaingia. Namba saba si ndiyo mimi? Nikataka kusema jina langu, na kabla sijatema povu nikasikia buti kwenye zile ngazi, na ngazi zinalia moja moja.

Boksi lilikuwa limeanguka uani, mbele ya mwanajeshi aliyekuwa anakunywa chai yake. Nilifungua jicho moja nikamwona, mrefu, bunduki begani, boksi kwapani.

"Nani narusha sabuni kwa kichwa ya mutu?"

Nikashika kikoi kisidondoke.

"Wewe ni nani?"

"Mimi naoga, afande."

"Unaoga kwa koridoo?" Akanisogelea, akanigusa bega kwa kidole, akakitazama kidole kina povu. "Hii sabuni ya nani?"

Na hapa ndipo ile aibu nyingine. Hakunipiga, hakunitisha, aliuliza mara moja tu, nami mkono wangu ukainuka ukaonyesha mlango wa namba nane. Yule aliyenikatia kipande kwa huruma yake. Mlango ukafunguka saa ileile, Salongo akatoka amepiga magoti, kidole chake kinanionyesha mimi, akaona na changu kinamwonyesha yeye. Tukatazamana. Mungu wangu, nilitamani lile bomba linimeze.

Mwanajeshi akatutazama hivyo tulivyo, mmoja magotini, mwingine ameshika kikoi kwa mkono mmoja, kwa muda mrefu sana. Niliwaza buti la gari. Niliwaza mke wangu ataletewa habari na nani. Kisha akanusa kile kidole.

"Natoa povu hivi na maji kidogo?"

"Hata bila maji, afande," nikasema (sijui nilikuwa namfanyia nani biashara).

"Bibi yangu nalia sabuni mwezi mzima." Akalibana boksi vizuri kwapani. "Mimi sikuona mutu hapa. Na nyinyi hapana ona mimi."

Akashuka. Tulisimama pale mpaka ngazi zikaacha kulia. Nilijua mali yote ya Salongo imekwenda, na nilijua kila mmoja wetu alikuwa amemuuza mwenzake kwa bei ya swali moja. Yeye akainuka, akaingia ndani, akatoka na dumu la maji. Hakunitukana. Akaniinamisha kichwa, akanimwagia polepole, akinifuta macho kwa kiganja kama mtoto wake.

Nikamwambia, "Nisamehe, Salongo. Ni mimi tu niliyekuwa nagonga."

"Ungesema hodi," akanijibu. "Hata sisi kwetu, kwa mlango tunasema kodi, ndiyo hodi yetu. Wale watu ndiyo hawasemi."

Mimi, mtoto wa Mombasa, niliyefundishwa hodi kabla ya kutembea! Tangu siku ile nikifika mlango wowote, hata wa jikoni kwangu, napiga hodi tatu na jina langu juu. Mke wangu hucheka, huuliza nani amenitia woga huo. Namwambia ni mazoea tu ya ugenini.